Boy, Juma, Boy: Tarehe ya Jina Moja katika Siasa za Kwale

Tarehe 4 Machi 2013, siku ambayo Wakenya walipiga kura sita kwa mpigo kwa mara ya kwanza, mpiga kura wa Mkongani, kaunti ya Kwale, alipokea karatasi ya seneta, na humo ndani, kando ya alama ya chungwa ya chama chake, palikuwa na jina la Boy Juma Boy. Tarehe 8 Agosti 2017 karatasi ya seneta ikarudi na chungwa lile lile, na majina mawili ya mwisho yale yale: Issa Juma Boy. Mwaka 2022 jina hilo likarudi tena. Mgeni angeona ukoo umekikalia kiti. Wazee wengi wa Matuga waliona zaidi ya hapo. Walimwona mtu wa tatu, ambaye hakuwamo kwenye karatasi yoyote kati ya hizo, kwa kuwa alikuwa amefariki miaka 30 kabla ya ule uchaguzi wa kwanza. Huyo ndiye Juma Boy mwenyewe.

Tarehe hii ni yake kwanza. Jina lililochapishwa kwenye karatasi halikuanzia kwenye siasa. Lilianzia bandarini, Kilindini.

Watu wa Kwale wameifanyia kazi bandari ya Mombasa tangu ilipojengwa. Mdigo, mwenyeji wa Kwale, alikuwa na kitu ambacho kuli aliyetoka mbali hakuwa nacho: shamba karibu. Alivuka Likoni, akabeba magunia siku kadhaa, akarudi kwa mihogo na minazi yake. Jambo hilo liliwasumbua waajiri wa kikoloni, waliotaka vibarua wa kudumu wasio na pa kurudi. Mwaka 1947 Mombasa nzima iligoma, maelfu ya wafanyakazi wakakaa chini, na jina la kiongozi wao, Chege Kibachia, likasikika kote. Mwaka 1955 makuli wakagoma tena, kiongozi wa wafanyakazi Tom Mboya akashuka kutoka Nairobi kusimamia mapatano. Chama cha wafanyakazi wa bandarini kilikulia katika miaka hiyo, na hakikuwa chama cha mchezo. Mkono wa kuli ukisimama, Uganda hukosa mafuta na Nairobi hukosa ngano.

Juma Boy alipanda ngazi ndani ya chama hicho hadi akakiongoza. Wakati Denis Akumu, aliyemtangulia pale bandarini na baadaye katika COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi vya Kenya, alipoondoka kwenda kuongoza muungano wa vyama vya wafanyakazi vya Afrika nzima kule Accra, Juma Boy ndiye aliyeshika ukatibu mkuu wa COTU, katikati ya miaka ya 1970. Aliushika hadi alipofariki mwaka 1983. Kwa kipindi hicho, msemaji wa wafanyakazi wote wa Kenya, kuanzia mchuma chai wa Kericho hadi dereva wa treni, alikuwa mtu wa Kwale. Makao makuu ya COTU, jengo la Solidarity, yako Gikomba jijini Nairobi, kwenye barabara inayoitwa Digo. Sijui wangapi wanaopita hapo kila siku na mizigo ya mitumba wameutazama ubao wa jina la barabara na kumkumbuka Juma Boy. Wangekuwa na haki ya kujua.

Aliingia pia Bungeni, akiwakilisha Kwale ya Kati, sehemu ambayo baadaye ramani za uchaguzi ziliipa jina la Matuga. Mkongani imo humo: leo ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge hilo, pamoja na Tsimba Golini, Waa, Tiwi na Kubo Kusini. Ndiyo ya bara zaidi kwa hisia kama si kwa kipimo. Watu wa Tiwi wana bahari na watalii. Mkongani ina misitu ya hifadhi inayobeba jina lake, iliyoshikana na Shimba Hills, na ina ndovu wanaotoka msituni usiku kuingia kwenye mahindi. Hapo ndipo palahala, yule mnyama mweusi mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, amebaki peke yake katika Kenya nzima. Mtu wa Mkongani akitafuta mshahara ilimbidi ashuke Mombasa, na akishuka Mombasa alikuta bandari, na bandarini alimkuta Juma Boy. Ndiyo maana jina hilo lilifika kwenye vijiji vya milimani bila ya mkutano wa hadhara.

Sasa tuje kwenye jina lenyewe, maana limewachanganya wengi wanaoandika habari za Kwale kutoka nje. Wanaliandika kana kwamba Boy ni jina la ukoo, kama vile Wamarekani wanavyoandika Bush au Kennedy. Huku kwetu jina la mtu ni njia ya kurudi nyuma. Juma Boy ni Juma, mtoto wa Boy. Mtoto wake wa kiume akampa jina la baba yake, kama desturi inavyotaka kwa mtoto wa kwanza wa kiume, na huyo akawa Boy, mtoto wa Juma, mtoto wa Boy. Babu amerudi nyumbani kwa sura ya mjukuu. Desturi hii ni ya Wamijikenda wote, na waungwana wa visiwani wanaijua pia: Rais wa kwanza wa Zanzibar alikuwa Abeid Amani Karume, na mwanawe aliyetawala visiwa hivyo kuanzia mwaka 2000 hadi 2010 ni Amani Abeid Karume. Majina mawili yanapokezana zamu kizazi baada ya kizazi, na anayeyasikia anajua mara moja ameingia mlango gani.

Boy Juma Boy aliingia mlango huo mapema. Alichaguliwa mbunge wa Matuga mwaka 1988, kisha tena mwaka 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi. Wakati ule wa KANU, jina la marehemu baba lilikuwa bado mbichi vinywani mwa watu. Wengi wa wapiga kura walikuwa na ndugu, mjomba au baba aliyewahi kulipwa pale Kilindini kwa mkataba uliopiganiwa na mzee huyo. Lakini mwaka 1997 kiti kilikwenda kwa Suleiman Kamolleh. Kisha mwaka 2002, wimbi la NARC likampandisha Chirau Ali Mwakwere, mzaliwa wa Golini, ambaye akawa Waziri wa Mambo ya Nje na baadaye wa Uchukuzi. Mahakama ilipoufuta uchaguzi wake wa 2007, Matuga ikarudi kituoni Julai 2010 na kumrudisha Mwakwere. Miaka 15 na zaidi ikapita bila jina la Juma Boy kwenye kiti chochote kikubwa.

Nasisitiza kipindi hicho kwa makusudi. Wapo wanaosema watu wa Kwale hupigia kura jina tu, wakiona Juma Boy wanatia alama bila kufikiri. Wapiga kura hao hao waliliacha jina hilo nje kwa uchaguzi mmoja baada ya mwingine, wakawapa wengine nafasi, na walipolirudisha mwaka 2013 walilirudisha kwenye kiti kipya kabisa, Seneti iliyofufuliwa na Katiba ya 2010. Aliyekaa pale kwanza ni Boy Juma Boy. Aliyemfuata mwaka 2017 ni nduguye, Issa. Mbunge wa Matuga mwaka 2013 alikuwa Hassan Mwanyoha, na tangu 2017 ni Kassim Tandaza. Jina lilipewa huku, likanyimwa kule.

Mgeni akitazama orodha ya viongozi wa Kwale huzidi kuchanganyikiwa akikutana na Mwakwere, Mwanyoha, Mwamzandi, Mwashetani na Mwachai. Kwa macho ya nje, wote hao ni ukoo mmoja wenye tamaa ya madaraka. Hapana. Mwanzo ule wa jina, Mwa-, unamtaja tu mzee wa nyumba fulani, na nyumba ni nyingi. Kassim Mwamzandi aliyewakilisha Msambweni kwa miaka mingi na Marere wa Mwachai aliyekichukua kiti hicho hicho mwaka 1997 si lazima wawe ndugu kwa sababu tu majina yao yanaanza kwa sauti moja.

Wamarekani wana funzo lao hapa. Andrew Johnson wa Tennessee aliingia ikulu Aprili 1865 baada ya Lincoln kuuawa. Lyndon Johnson wa Texas aliingia Novemba 1963 baada ya Kennedy kuuawa. Wote wawili walikuwa makamu wa rais, wote wakaitwa Rais Johnson, na hawana undugu wowote unaofaa kutajwa. Kwa upande wa pili, John Adams na John Quincy Adams walikuwa baba na mwana, na William Henry Harrison na Benjamin Harrison walikuwa babu na mjukuu. Kule, jina lililobaki pale pale mwishoni halikuambii chochote mpaka uulize. Kisha akaja Barack Obama, na jambo likageuka kwa uzuri wa ajabu: baba yake aliitwa Barack, mtoto wa Hussein Onyango, mtoto wa mzee mmoja wa Kijaluo aliyeitwa Obama. Jina la mtu mmoja wa Nyanza, baba wa babu, likagandishwa na karatasi za Marekani likawa jina la ukoo, na mwaka 2009 likaapishwa Washington.

Jambo hilo la karatasi linanigusa kwa sababu ndilo linalotupata hata sisi. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, hati ya shamba na orodha ya wapiga kura kwa kawaida hubeba majina yanayopanda kwa baba. Jina la Juma Boy lilipofika kwenye karatasi ya kura ya tatu mfululizo, 2013, 2017, 2022, lilikuwa limeshaanza kuganda. Watoto wa shule wa Mkongani wa leo, ukiwauliza Boy ni nani, watakujibu ni jina la seneta. Hawatakuambia ni babu.

Na kuna kitu kingine ambacho karatasi hizo hazikibebi kabisa. Wadigo wa zamani hawakurithishana kwa baba. Mtu alihesabiwa katika fuko, yaani ukoo, la mama yake, na mali ya mzee ilikwenda kwa watoto wa dada yake. Mwanawe wa kumzaa alirithi kwa mjomba wake mwenyewe, si kwa baba. Uislamu ulipoenea Kwale mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, sheria ya mirathi ya Kiislamu ikaja na fungu la mwana, na mabaraza ya wakoloni yakajaa kesi za mpwa na mtoto wakigombea minazi ile ile. Mabishano hayo yalichukua miaka mingi kutulia, na kwenye baadhi ya mashamba hayajatulia hadi leo. Ukitafakari hapo utaona kwamba mwana kurithi kiti kwa jina la baba, kama tulivyoona kwa Boy na Issa, ni jambo changa Kwale. Kwa kanuni ya kale, mrithi wa Juma Boy katika siasa angetafutwa kwenye nyumba ya dada yake, na angekuwa na jina tofauti kabisa. Tusingemjua kwa kusoma jina lake.

Kwa hiyo tarehe ya majina katika Kwale ni nusu ya tarehe. Fuko la kina mama halimo kwenye karatasi ya kura. Kwa miaka mingi kina mama wenyewe hawakuwamo pia. Marere wa Mwachai aliingia Bungeni mwaka 1997, Zainab Chidzuga akawa mwakilishi wa wanawake wa kaunti mwaka 2013, na Agosti 2022 Fatuma Achani, aliyekuwa naibu wa gavana Salim Mvurya kwa vipindi viwili, akachaguliwa gavana, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho Pwani. Hakuna kati yao aliyepanda kwa jina la mzee mkubwa wa bandari. Hilo nalo liandikwe.

Ukoo wa Juma Boy una haki ya heshima yake, na si kazi yangu kupima seneta yupi alifanya nini. Ninachodai ni kwamba heshima hiyo ielezwe ilitoka wapi: ilitoka kwa makuli, kwa watu waliobeba magunia mgongoni, baadhi yao wakitokea hapa hapa Mkongani. Kadi za chama za miaka ya 1960, picha za mikutano, vitabu vya malipo, vitu hivyo vipo ndani ya masanduku ya bati kwenye nyumba za wajane na wajukuu, na mchwa hawangoji. Wazee waliomsikia Juma Boy akihutubia getini Kilindini wanapungua kila mwezi.

Ndugu msomaji wa Kwale, kabla uchaguzi wa 2027 haujatujazia tena kuta kwa mabango, chukua daftari ukakae na mzee wa nyumbani kwenu. Andika majina yake matatu, na majina ya baba yake, na alifanya kazi wapi. Kisha muulize fuko la mama yake, uliandike ukurasa ule ule.