Kipimajoto cha Angani Kilichosomwa Tunguu

Jumanne, tarehe 20 Februari 1962. Tanganyika ina siku 73 tu tangu ipate uhuru. Kwa saa zetu ni saa kumi na moja na dakika 47 jioni, na kule Florida, Marekani, roketi inamrusha John Glenn angani. Haikupita hata saa moja, Glenn akawa amevuka Atlantiki, amepita juu ya Afrika na kufika upande wetu wa Bahari ya Hindi, jua likiwa linazama.

Nani alikuwa akimsikiliza alipofika huku? Watu wachache waliokaa mbele ya mitambo kijijini Tunguu, kisiwani Unguja. Ukipima kwa mstari ulionyooka, kutoka Tunguu hadi Mazingara yetu ya Handeni hazifiki kilomita mia mbili. Kwa chombo kinachokwenda kasi namna ile, umbali huo ni kama sekunde ishirini na tano hivi. Kwa hiyo, ndugu zangu wa Mazingara na Korogwe, anga lililosikilizwa Tunguu lilikuwa ni hilihili lenu.

Walikuwa wanasikiliza nini? Sauti ya rubani, ndiyo. Lakini zaidi ya sauti walikuwa wanasoma namba: mapigo ya moyo, pumzi, hewa ya oksijeni, na joto. Leo nataka tuzungumze habari ya hilo joto.

Huku chini tumezoea upepo. Ukitoka jasho, upepo unakupoza. Angani hakuna upepo. Upande unaotazama jua unaweza kupanda kupita nyuzi 100 za Selsiasi, na upande wa kivulini ukashuka mbali chini ya sifuri. Joto hukitoka chombo hasa kwa mnururisho, kama vile unavyosikia joto la jiko la mkaa bila kuligusa. Betri ikipoa mno inakufa, redio ikichemka inanyamaza, na mtu ndiye dhaifu kuliko vyote hivyo.

Ndiyo maana kupima joto ni kazi ya kale kabisa katika safari za anga. Sputnik ya Warusi, iliyorushwa tarehe 4 Oktoba 1957, ilitengenezwa ili mlio wake ubadilike iwapo joto au mgandamizo wa hewa ndani yake ungetoka nje ya kiwango. Explorer 1 ya Wamarekani, ya tarehe 31 Januari 1958, nayo ilibeba vipimajoto. Yaani miongoni mwa habari za kwanza ambazo binadamu alitaka kuzisikia kutoka huko juu ni hii: je, kuna joto kiasi gani?

Kipimajoto chenyewe si kile cha zebaki unachokijua zahanati. Ni kipande kidogo kinachoitwa themista. Kikipata joto kinaruhusu umeme upite kwa urahisi zaidi, kikipoa kinauzuia. Badiliko hilo la umeme linageuzwa kuwa mawimbi ya redio, antena ya Tunguu inayadaka, na kalamu za mitambo zinachora mstari kwenye karatasi. Daktari aliyekaa pale anausoma mstari ule kama anamshika mgonjwa mkono. Glenn alikuwa na themista mwilini mwake, na samahani kwa wenye haya, ilikuwa imepitishwa njia ya haja kubwa. Gordon Cooper, aliyeruka Mei 1963, ndiye aliyebahatika kuwekewa ya mdomoni.

Lakini je, kipimo husema kweli siku zote? Hapa ndipo historia inapokuwa tamu.

Tarehe 24 Mei 1962 aliruka Scott Carpenter. Namba zilizofika ardhini zikaonyesha mwili wake umefika karibu nyuzi 39, joto la mtu mwenye homa. Madaktari wakashtuka, wakamwuliza. Yeye hakuamini namba ile. Alijibu kwamba anatoka jasho kidogo lakini yuko sawa. Wakaendelea kumfuatilia, safari ikaendelea.

Tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo ikawa zamu ya Wally Schirra. Vazi lake la anga likaanza kuchemka tangu mzunguko wa kwanza, na wakuu wakawaza kumshusha. Schirra akawa anazungusha kitasa cha maji ya kupoza, kidogo, halafu anangoja, kidogo tena, halafu anangoja. Namba zikaanza kushuka. Akaruhusiwa kuendelea, akamaliza mizunguko sita. Angezungusha kwa pupa pengine angeuharibu mfumo mzima. Subira kweli huvuta heri.

Na Glenn mwenyewe? Katika safari ile ya Februari, ishara moja ilitangaza kwamba ngao ya kuzuia moto chini ya chombo chake imelegea. Ngao hiyo ndiyo inayomkinga rubani wakati wa kurudi, chombo kinaposuguana na hewa na joto la nje likapita nyuzi 1,500. Ikichomoka, mtu anateketea. Vituo vya njiani viliagizwa kuifuatilia ishara ile, na Glenn akaulizwa kuhusu swichi zake. Mwishowe akarudi salama. Ngao ilikuwa mahali pake. Kilichokosea ni swichi iliyokuwa ikitoa taarifa.

Angalia walivyofanya katika visa vyote vitatu. Namba ilipowatia shaka hawakuiamini kichwakichwa na hawakuitupa. Waliilinganisha na namba nyingine, wakamwuliza aliyekuwa juu, ndipo wakaamua.

Sasa turudi Tunguu, nje ya uzio.

Kituo kile kilijengwa kwa makubaliano kati ya Marekani na Uingereza ya Oktoba 1960. Zanzibar ilikuwa bado chini ya himaya ya Mwingereza, kwa hiyo aliyetia saini si Mzanzibari. Wapinzani wa kituo, wakiwemo watu wa Hizbu (ZNP), walisema hiyo ni ngome ya makombora, na kwamba vita vya wakubwa vikianza kisiwa kitakuwa shabaha. NASA ikajibu kwamba ni sayansi tu.

Ni rahisi leo kuwacheka wale waliodhani antena ni kombora. Mimi siwacheki. Tarehe 1 Mei 1960, miezi mitano tu kabla ya makubaliano yale, Warusi walikuwa wameiangusha ndege ya kijasusi ya Marekani aina ya U-2. Na ni nani aliyejitokeza kuutangazia ulimwengu kwamba ilikuwa ndege ya utafiti wa hali ya hewa? NASA hiyohiyo. Taarifa ikaumbuka mbele ya dunia nzima. Baada ya hapo mtu wa Unguja anaambiwa, "Tunapima joto la mwanaanga tu, usiwe na wasiwasi." Angeamini kwa lipi?

Tukiangalia kumbukumbu za safari zile, kituo kilifanya kazi ile kilichosema kinafanya. Lakini ukweli huo aliyekuwa ndani aliuona kwa macho yake, aliyekuwa nje alitakiwa auamini tu. Wahandisi walikuwa na njia zaidi ya moja za kukagua ishara ya swichi. Mkulima wa Tunguu hakuwa na hata moja ya kukagua kilichopandwa karibu na minazi yake.

Mwisho wake tunaujua. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964. Siku iliyofuata manowari ya Marekani, Manley, iliwachukua Wamarekani kisiwani. Aprili 1964 serikali ya Mzee Karume ikataka kituo kiondolewe, na NASA ikahamishia kazi hiyo Madagaska. Mwezi huohuo, tarehe 26, Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Kwa hiyo Tanzania ilizaliwa huku mitambo ikiwa inang'olewa.

Jirani zetu Wakenya walipata bahati tofauti kidogo. Waitaliano waliweka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikarushwa hapo setelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ikapewa jina la Uhuru. Hata hivyo, jina lilikuwa la Kiswahili, mitambo na namba vikawa vya wageni.

Ilichukua miongo kadhaa mambo kubadilika. Mei 2018 setelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Uganda ikafuata na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, na Kenya tena na Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023. Setelaiti yoyote, hata iwe ndogo kama boksi la viatu, lazima mwenyewe ajue joto la betri yake. Safari hii mwenyewe ni Mwafrika Mashariki.

Na wewe wa Mazingara usiseme mambo haya hayakuhusu. Setelaiti za hali ya hewa hupima joto la vilele vya mawingu. Wingu lililopanda juu sana huwa na kilele cha baridi kali, na mara nyingi ndilo lenye mvua kubwa. Picha za namna hiyo huwasaidia watabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Utabiri ukitangazwa redioni, mkulima wa Handeni anaamua kama apande mahindi sasa au asubiri. Akiula hasara, njaa ni ya nyumba yake.

Kwa hiyo ana haki ya kuuliza namba ile imetoka wapi, imepimwaje, na imekosea mara ngapi. Si ukaidi. Wahandisi wa Glenn waliuliza hivyohivyo, na mtu akarudi nyumbani hai. Na kama unamfahamu mzee wa Tunguu aliyekiona kile kituo, mwulize alichoambiwa siku zile, kisha andika. Karatasi za mitambo tunajua zilisema nini. Maneno ya waliokuwa nje ya uzio bado hatujayasikia ya kutosha.