Tarehe ya Wapiga Makumbi wa Kusini Unguja

Hii ni tarehe ya kazi ya makumbi katika pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Makunduchi, kupitia Jambiani, Paje na Bwejuu, hadi Michamvi. Nimeiandika kwa kuwa maneno yamekuwa mengi. Ndugu zetu wa Lamu wanasema usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ni wao kwa sababu mtepe, kile chombo cha mbao za kushonwa, ni wao. Wengine, waliosoma vitabu viwili vitatu, wanasema kazi hii ilitoka visiwa vya Maldivi na bibi zetu waliipokea tu ikiwa imekwisha kukamilika. Yote mawili nitayajibu, inshallah, kila moja mahali pake.

Ijulikane kwanza kwamba Kusini si mji wa jana. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ukutani yenye mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 kwa hesabu ya Miladi. Wakati huo Mji Mkongwe haujawa mji wala haujawa mkongwe. Palipo na msikiti wa mawe pana watu wanaosafiri, na mwenye kusafiri kwa bahari hawezi bila kamba.

Sasa khabari ya kazi yenyewe. Nazi ikishafuliwa kwenye kifuo, mwenye shamba huchukua nazi yake akakaushe mbata, na makumbi hubaki chini. Kwa mwanamume wa shamba hiyo ni taka au ni kuni. Mwanamke wa pwani huyanunua, huyapakia kwenye gari la ng'ombe na kuyapeleka ufukweni. Pwani yetu ni ya mawe na udongo wake haba, kwa hiyo makumbi mengi hutoka mashamba ya upande wa magharibi na katikati ya kisiwa. Waliopanda minazi hawakuwa wapigaji, na wapigaji wengi hawakuwa na minazi.

Siku za bamvua, bahari ikitoka hadi karibu na mwamba, akina mama huteremka na majembe. Shimo huchimbwa mahali ambapo mchanga haukauki hata maji yakipwa. Makumbi hupangwa yakabanana, yakafukiwa, kisha juu yake huwekwa mawe ya matumbawe ili mawimbi yasiyachukue. Kila shimo lina mwenyewe, na mwenyewe hulijua kwa jinsi mawe yalivyopangwa au kijiti kilivyosimamishwa. Mgeni hupita hapo asione kitu. Mwenyeji hakosei, na kugusa shimo la mtu ni ugomvi ambao huweza kufika kwa sheha. Humo makumbi hukaa miezi, mengine nusu mwaka na zaidi, maji yakijaa na kupwa juu yake. Ile nyama laini inayoshikanisha nyuzi huoza. Nyuzi zenyewe hazina khabari, chumvi haiziwezi.

Yakifukuliwa ni meusi na harufu yake huwafanya wageni wa hoteli washike pua. Mpigaji hukaa chini, miguu kainyoosha, mbele yake jiwe au kipande cha gogo. Mkono wa kushoto hushika kumbi, wa kulia una gongo fupi la mti mgumu. Pigo la kwanza humwaga maji meusi. Yanayofuata hupasua ganda na kutoa unga, yaani ile nyama iliyooza. Ufundi wote uko mkono wa kushoto, na hapa ndipo watazamaji hudanganyika wakadhani ni kazi ya nguvu. Kumbi lisipogeuzwa sawasawa, gongo huanguka mahali pamoja, nyuzi zikakatika, na uzi mfupi hausokoteki. Mpigaji hodari hujulikana kwa fungu lake: nyuzi ndefu, hazina unga, zimefunguka zote hata ncha. Baada ya hapo husuuzwa baharini, huanikwa, huchambuliwa kwa vidole, ndipo rangi inapotoka weusi ikawa ya dhahabu iliyofifia. Kisha husokotwa baina ya viganja au juu ya paja, uzi kwa uzi, mpaka kamba.

Chwaka na Uroa nako walifukia. Mafia nako kuna makumbi. Kila mtu na ajiandikie tarehe yake.

Tuje kwenye madai. Karne ya kwanza Miladi, baharia mmoja aliyeandika kwa Kiyunani aliitaja pwani yetu na kisiwa alichokiita Menuthias, akasema watu wake wana mashua za kushonwa. Mji wa mwisho wa biashara aliuita Rhapta, na akaeleza kwamba jina hilo limetokana na mashua hizo hizo. Zaidi ya miaka 800 baadaye akaja al-Masudi, aliyesafiri na manahodha wa Oman hadi kisiwa cha Kanbalu, na safari yake ya mwisho ilikuwa mwaka 916. Yeye aliandika kwamba merikebu za bahari hii hazipigwi misumari kwa sababu maji yake huyeyusha chuma, kwa hiyo mbao hushonwa kwa nyuzi.

Nisimame hapa kidogo, maana jambo hili lina ajabu yake. Walikuwapo waliosema sababu si maji bali ni milima ya sumaku iliyoko chini ya bahari: chombo chenye misumari kikipita juu yake, misumari hung'oka yote kwa mara moja na mbao zikatawanyika, watu wakabaki wanaogelea. Khabari hii ilienda mbali, ikaandikwa na Waarabu na Wazungu, na mabaharia wazima wenye ndevu waliiamini. Msafiri Ibn Battuta hakuhitaji sumaku. Alisema bahari ya Hindi ina miamba mingi, na chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, ilhali kilichoshonwa kwa kamba hulegea na kusalimika. Mtu yeyote aliyewahi kupita mlango wa mwamba wa Jambiani kusi likivuma atamwelewa Ibn Battuta.

Ni huyu huyu Ibn Battuta anayeshikiwa bango na wanaosema kazi imetoka Maldivi. Kweli alikaa huko, miaka ya 1343 na 1344, akawa kadhi wao. Aliona makumbi yakilainishwa katika mashimo ya ufukweni, yakipigwa kwa magongo, wanawake wakiyasokota, na kamba zikipelekwa Bara Hindi, Uchina na Yemen. Maelezo yake yanafanana na ya kwetu neno kwa neno. Lakini kufanana si kuzaa. Mashua za kushonwa zilitajwa pwani hii zaidi ya miaka 1,200 kabla yeye hajafika Maldivi. Na kabla yake, mwaka 1183, Ibn Jubayr alipita Aydhab katika Bahari ya Sham akaona wanapiga makumbi mpaka yawe nyuzi, wanasokota kamba, wanashona vyombo, kisha wanavipaka mafuta. Aliyoyasifu kuliko yote ni mafuta ya papa, ambayo sisi tunayaita sifa. Kazi ilikuwa ya bahari nzima. Anayedai kwamba mashua za kale za kwetu zilishonwa kwa ukindu na si kwa usumba, na alete uzi wenyewe tuuone.

Ama ndugu wa Lamu, haki yao siwanyimi. Mtepe ulikuwa wao, Faza na Siyu, na Wabajuni ndio waliokuwa mafundi wake. Mbao zilitobolewa matundu, zikashonwa kwa kamba ya usumba, matundu yakazibwa, na tanga lake la mraba lilikuwa mkeka uliosukwa kwa miyaa. Wazee wa huko husema omo la mtepe lilichongwa kwa mfano wa kichwa cha ngamia wa Mtume, na heshima hiyo hatuna la kuipinga. Vasco da Gama alipofika Msumbiji mwaka 1498, watu wake waliandika kwamba wameona vyombo vikubwa visivyo na msumari hata mmoja, vimefungwa kwa kamba, matanga ya mikeka. Karne ya 19 mitepe ilikuwa bado ikileta boriti Unguja. Lakini fundi wa mtepe hushona, hapigi makumbi. Ukiuondoa usumba, kilichobaki ni mbao zenye matundu. Vitabu vimejaa michoro ya mtepe na majina ya sehemu zake, na mwanamke aliyekaa na gongo ufukweni hapewi hata sentensi. Ndiyo dhuluma ninayoisema.

Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja, minazi na mikarafuu ilienea na bandari ikajaa majahazi. Hapo kazi yetu ikapata soko ambalo halikuwahi kuwapo. Amari ya nanga, henza ya kupandishia foromali, demani na joshi, vyote vilitaka kamba isiyoogopa chumvi, na usumba huelea majini na haukimbilii kuoza. Vitanda vya kamba vya mjini navyo vilivishwa kwa mikono ya Kusini. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu na minazi mingi ya Unguja. Minazi ilipandwa tena, na magongo hayakunyamaza.

Mwaka 1893 Wadachi walileta katani Tanganyika, miche 62 ikapona, na kamba za katani zikaja. Baadaye ikaja ya nailoni.

Aliyetutikisa kwa kweli ni mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na mashamba yake yakawekwa pale pale maji yanapopwa, kwa mikono ile ile ya akina mama. Mwani huvunwa kwa wiki chache, makumbi husubiriwa miezi. Mtu mwenye ada ya shule ya kulipa hachagui kusubiri. Sitawalaumu. Lakini miaka ya karibuni maji yamekuwa ya moto, mwani wa bei nzuri unakufa ukiwa shambani, na baadhi ya waliokwenda huko wamerudi kwenye mashimo. Wamekuta mengine yamo mbele ya hoteli, na kijana wa ulinzi anawauliza wanatafuta nini.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wenye mamlaka ya ufukwe na kwa masheha wetu: mashimo ya makumbi yaandikwe kama yanavyoandikwa mashamba, kwa jina la mwenyewe, kabla kiwanja kilicho juu yake hakijagawiwa. La pili ni kwa watu wa makumbusho. Pale Beit al Ajaib uliwekwa mtepe ulioundwa upya, kabla sehemu ya jumba haijaporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jumba likifunguliwa tena na mtepe ukiwekwa mbele za watu, kibao chake kiseme mbao na ushonaji ni vya mafundi wa Lamu, na usumba ni kazi ya wanawake wa pwani. Wakikosa nafasi ya maneno yote hayo, waanze na wanawake.