Tairi la Pikipiki: Tangu Mpira wa Donde hata Maduka ya Gerezani

Kabla pikipiki haijaonekana katika nchi zetu, mpira ulikwisha kuwa bidhaa ya thamani katika forodha za Kilwa na Lindi. Misitu ya Donde, huko bara ya Kilwa, ilikuwa na mitambazi ya jamii moja na mibungo, ambayo aina yake mojawapo wataalamu wa mimea waliipa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja. Na wachumaji walikuwa wakiitia chale magamba yake, utomvu mweupe ukatoka, ukaachwa ugande, kisha ukaviringwa hata ukawa tufe, ukachukuliwa pwani juu ya vichwa vya wapagazi, na kutoka huko ukavuka bahari kwenda Ulaya. Mahitaji yalizidi mno baada ya mwaka 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama, Mskochi aliyekuwa akikaa Belfast, alipopata hataza ya gurudumu la mpira uliojazwa upepo. Ingawa insafu yataka tuseme kwamba Mskochi mwenziwe, Robert William Thomson, aliipata fikira hiyo hiyo mwaka 1845, zama ambazo ulimwengu haukuwa bado na baiskeli ya kuifaa.

Wajerumani nao, walipoona tijara hiyo, wakapanda miti ya mpira kutoka Brazili katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Walakini mwaka 1913 bei ilianguka kwa sababu ya wingi wa mpira wa Malaya na Ceylon, mashamba yakaachwa, yakageuka vichaka. Na hayakukumbukwa tena hata Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, ndipo Waingereza wakaja kuigema upya miti ile iliyosahauliwa. Aghalabu huisifu biashara hiyo wale waliosoma hesabu zake tu. Mimi naiona kuwa biashara ya hasara, kwani nchi iliuza utomvu kwa ratili, kisha ikaununua utomvu huo huo kwa bei ya tairi.

Pikipiki zilianza kuonekana kwa wingi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts, lilipoingia mwaka 1916 kuwatoa Wajerumani, lilikuwa na kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini, na masika ya mwaka ule yakawafundisha kwamba gurudumu jembamba halina hila mbele ya tope. Baada ya vita chombo hicho kikawa cha mapadre, mabwana shamba na makarani wachache wenye mshahara wa kutosha. Na baadaye huko Unguja Vespa ya Kitaliano ikapendwa, nadhani, kwa kuwa ilibeba gurudumu la akiba, jambo lisilo dogo katika kisiwa ambacho bidhaa yake hungoja meli. Kuchagua tairi, kwa maana tuijuayo sasa, hakukuwapo: wakala aliyeuza pikipiki ndiye aliyeagiza na matairi yake, na mteja akapokea alichopewa.

Baada ya uhuru vilijengwa viwanda vya matairi Arusha na Nairobi, ambavyo leo vyote viwili vimefungwa. Kisha ikaja dhiki iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaadimika, na tairi likawa kitu cha kuombewa kibali. Siku hizo lililokwisha kuwa kipara halikutupwa. Fundi alikata kipande cha tairi kuukuu, akakitia ndani mahali palipochanika, akarudisha tyubu juu yake, na mwenye chombo akaenda zake polepole huku gurudumu likimrusha. La gari lililoshindikana kabisa lilikwenda kwa mshona katambuga. Mwaka 1984 serikali ya Tanzania ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, kibali kikaanza kupoteza nguvu.

Mageuzi makubwa zaidi yaliletwa na bodaboda. Kazi hiyo ilianza Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, kwa baiskeli. Pikipiki za India na China zilipokuja kwa bei nafuu, na Kenya ilipoondoa mwaka 2008 kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, ikaenea kila mji. Sasa katika maduka ya Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, matairi yametundikwa hadi darini, na kazi ya kupambanua jema na baya, ambayo zamani ilikuwa ya wakala au ya afisa, imemwangukia mnunuzi.

Fundi mzoefu haanzi na kashata za usoni, ambazo kila tairi jipya linazo. Hulilaza tairi, akasoma ubavu wake: 3.00-17 ni unene na kipimo cha rimu kwa inchi, nalo ndilo la nyuma la pikipiki nyingi za bodaboda, ilhali mbele huvaa 2.75-17, mshale huonyesha upande wa kuzunguka, na tarakimu nne za tarehe hutaja juma na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Matairi ya kabla ya mwaka 2000 yalikuwa na tarakimu tatu. Kisha hulikunja kwa mikono, atazame kama mpira unafanya nyufa nyembamba, kwa kuwa jua na hewa huula mpira hata usipokanyaga barabara, na lililokaa dukani miaka mingi huweza kung'aa kama jipya. La nyuma, libebalo abiria na mzigo, huisha mapema, tena katikati, kwa watu wa mjini waendao njia zilizonyooka. Basi wengi hununua la nyuma peke yake, na si kosa, madhali la mbele bado lina mifereji ya kutoa maji ya mvua.

Msomaji utakayekwenda dukani, uliza tarehe kabla ya bei. Na muuzaji akikuonyesha tairi ambalo tarakimu zake zimeparuzwa, mrudishie, hata akikupunguzia nusu.