Swichi ya sumaku: deni la Kenyenya kwa mwalimu wa Albany

Novemba 2024 ilipokaribia, wateja wa Kenya Power wenye mita za tokeni waliambiwa kwamba mita isiyosasishwa ingeacha kupokea tokeni mpya. Aliyenunua stima alitumiwa safu tatu za tarakimu ishirini ishirini badala ya moja. Safu mbili za kwanza zilikuwa za kubadilisha ufunguo wa mita, ya tatu ndiyo stima yenyewe. Nyumba nyingi za Kenyenya, kama kwingineko Kisii na Nyamira, zilipata mtu mwenye subira akasimama mbele ya kile kisanduku akibonyeza nambari moja baada ya nyingine.

Sababu ilikuwa hesabu ya saa. Mita hizi hutumia mfumo ulioanzia Afrika Kusini, na kila tokeni hubeba idadi ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi ya kuandikia dakika hizo hutosha milioni 16.7 na kidogo zaidi, na dakika ya mwisho iliangukia tarehe 24 Novemba 2024. Magazeti yaliandika sana habari za tarakimu. Kilichonivuta mimi ni mlio mdogo unaosikika mita ikikubali tokeni baada ya stima kuisha: tak! Taa zinarudi. Mlio ule ni wa chuma kinachovutwa na sumaku ya umeme ili kufunga njia ya stima, na kifaa kinachoutoa, rilei, kinakaribia kutimiza miaka 200. Kina mwenyewe, na mwenyewe huyo alidhulumiwa jina lake akiwa hai.

Kenyenya inaishi kwa swichi hii kuliko inavyodhani. Mwendesha boda boda akibonyeza kitufe cha stata, mkondo mdogo unapita kwenye koili ndogo ya rilei, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Koili inavuta chuma, chuma kinafunga njia ya mkondo mkubwa wa betri, injini inaamka. Kwenye viwanda vya chai vinavyopokea majani ya upande huu, kama Itumbe na Eberege, feni za kunyausha majani, mashine za kukatakata na vikaushio vyote vinazungushwa na mota za fezi tatu ambazo mkono wa binadamu usingeweza kuziwasha salama kwa swichi ya kawaida. Zinawashwa na kontakta, ndugu mkubwa wa rilei. Kinu cha posho kinachotumia stima nacho kina kontakta ndani ya kile kisanduku chenye kitufe cha kijani na chekundu.

Tazama inavyofanya kazi. Ukibonyeza kijani, koili inapata umeme na kuvuta kipande cha chuma kilichobeba vidole vitatu vya shaba vyenye ncha za madini ya fedha. Vidole vinagusana na wenzao, mota inaanza. Pembeni kuna kidole cha nne, kidogo, kinachoendelea kuilisha koili hata baada ya wewe kuondoa mkono. Sasa stima ikipotea, jambo lisilo geni Kisii ambako radi za alasiri ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, koili inakosa nguvu, springi inasukuma vidole nyuma, njia inakatika. Stima ikirudi baada ya nusu saa, mota inabaki kimya mpaka mtu abonyeze tena. Kwa hiyo kijana aliyeingiza mkono kinuni kuzibua mahindi wakati wa giza anautoa mkono wake ukiwa mzima. Hili halikuja kwa bahati, ni tabia ya sumaku ya umeme: ipo mkondo ukiwapo, na mkondo ukikatika inaachilia.

Sumaku hiyo ilitimiza miaka 200 mwaka 2025. Mwaka 1820 Hans Christian Oersted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme. Mwaka 1825 Mwingereza William Sturgeon, aliyewahi kuwa fundi viatu na askari, alizungushia waya mtupu kwenye chuma kilichopindwa kama kiatu cha farasi na kupakwa vanishi. Kikainua karibu kilo 4 ilhali chenyewe hakikufika robo kilo.

Hapo ndipo anapoingia Joseph Henry. Alizaliwa Albany, jimbo la New York, mwaka 1797, katika familia maskini. Utotoni aliwekwa kwa fundi wa saa na fedha kujifunza kazi. Baadaye akawa mwalimu wa hisabati katika Albany Academy, shule ya wavulana, na majaribio yake aliyafanya hasa wakati wa likizo madarasa yalipokuwa matupu. Alichokifanya kilikuwa chepesi kwa macho na kizito kwa matokeo: badala ya kukipaka chuma vanishi, aliufunika waya wenyewe kwa hariri. Waya uliofunikwa unaweza kuzungushwa mara mamia, tabaka juu ya tabaka, bila umeme kuvuja. Mwaka 1831 sumaku aliyoitengeneza kwa ajili ya Chuo cha Yale iliinua uzito wa ratili 2,063, yaani zaidi ya kilo 900. Mwaka huohuo, chumbani Albany, alipitisha umeme kwenye waya wa zaidi ya maili moja ulioviringishwa ukutani, na mwisho wake kipande cha sumaku kikageuka na kugonga kengele. Kila mwanafunzi wa sekondari anayechora kengele ya umeme kwa ajili ya mtihani wa fizikia anachora mjukuu wa kengele ile.

Mwaka 1832 alihamia Princeton, na ndani ya miaka michache hapo ndipo rilei ilipozaliwa. Henry alikuwa na sumaku za aina mbili. Moja, yenye waya mwembamba na mizunguko mingi, iliweza kusikia mkondo dhaifu uliotoka mbali. Nyingine, iliyounganishwa na betri yake ya karibu, ilikuwa na nguvu ya kubeba mamia ya ratili. Aliifanya ile ya kwanza ikate au kufunga njia ya ile ya pili. Mkondo dhaifu wa mbali ukawa unaamuru mkondo wenye nguvu wa karibu. Mbele ya wanafunzi wake alikata mkondo mdogo, na mzigo mkubwa ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Alitandaza pia waya uwanjani mwa chuo, kutoka maabara hadi nyumbani kwake, akapeleka ishara kwa njia hiyo.

Msaidizi wake Princeton katika miaka ya 1840 alikuwa Mwamerika mweusi aitwaye Sam Parker, mtu huru, aliyetayarisha betri za asidi na kushughulika na kazi zote chafu za maabara. Vitabu vingi vya historia vinampita bila hata kumtaja. Namtaja hapa kwa sababu mikono kama yake ndiyo inayobeba umeme mpaka leo, na mara nyingi jina la mwenye mikono haliandikwi popote.

Henry hakuomba hataza ya kitu chochote kati ya hivi. Aliamini kwamba ugunduzi wa mwanasayansi ni mali ya watu wote. Ni imani nzuri, na ndiyo iliyomtia matatani.

Wakati huo, New York, mchoraji picha Samuel Morse alikuwa akihangaika na telegrafu. Wazo alilipata melini mwaka 1832 akirudi kutoka Ulaya. Lakini kifaa chake kilikuwa hakipeleki ishara mbali: baada ya mita kadhaa, waya ulikuwa kama umekufa. Aliyemwokoa ni Leonard Gale, profesa wa kemia katika chuo alichofundisha Morse, ambaye alikuwa amesoma makala ya Henry ya 1831. Gale aliongeza seli kwenye betri na mizunguko ya waya kwenye sumaku, kama Henry alivyoelekeza, na ishara ikaanza kwenda maili baada ya maili. Mwaka 1839 Morse alikwenda Princeton kumwona Henry mwenyewe, akapokewa vizuri, akajibiwa kila alilouliza. Mwaka 1842 Henry alimwandikia barua ya kuiunga mkono telegrafu yake. Bunge la Marekani likatoa dola 30,000, na tarehe 24 Mei 1844 ujumbe ukatoka Washington hadi Baltimore.

Mwaka uliofuata, mshirika wa Morse, Alfred Vail, alichapisha kitabu cha historia ya telegrafu. Mchango wa Henry haukupewa nafasi yake. Henry, ambaye hakuwa ameomba senti, aliumia. Mwaka 1846 aliteuliwa kuwa katibu wa kwanza wa taasisi ya Smithsonian, na miaka mitatu baadaye aliitwa kutoa ushahidi katika kesi ya hataza kati ya Morse na Henry O'Reilly, mjenzi wa njia za telegrafu. Aliapa, akaeleza alichokifanya Albany na Princeton, na akasema kwamba hajui ugunduzi wowote wa kisayansi wa Morse katika sumaku na umeme. Alimpa sifa ya kuunganisha yaliyogunduliwa na wengine yakawa chombo cha kazi. Nimeusoma ushahidi huo kwa makini na sioni chuki ndani yake. Ni mwalimu anayesahihisha daftari.

Morse aliuona kuwa usaliti. Mwaka 1854 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi kwa sehemu kubwa: hataza yake ya chombo ilidumu, ila dai lake la kumiliki kila njia ya kuandika kwa umeme kutoka mbali likakataliwa. Mtu mwingine angeridhika. Yeye mwaka 1855 alitoa andiko refu la kumshambulia Henry, akikana kwamba alikuwa na deni lolote kwake, na akautilia shaka ukweli wa kiapo chake. Hili ndilo lililomkera Henry zaidi ya yote, kwa sababu fedha hakuwa amezitaka, na sasa alikuwa anaitwa mwongo.

Hakujibu magazetini. Aliwapelekea wakuu wa Smithsonian nyaraka zote, akawaomba wachunguze. Gale mwenyewe, mtu wa karibu wa Morse tangu mwanzo, aliandika barua mwaka 1856 akikiri kwamba maarifa yaliyoiwezesha mashine ya Morse kwenda mbali aliyatoa kwa Henry. Mwaka 1858 kamati yao ikamsafisha Henry kabisa. Lakini uamuzi huo ulizikwa katika ripoti ya mwaka, na Morse akabaki na sanamu na alfabeti yenye jina lake. Uingereza nako Edward Davy alikuwa amebuni rilei yake mwishoni mwa miaka ya 1830, kisha akahamia Australia na kusahaulika vilevile.

Yaliyofuata yanajulikana. Rilei ilibeba telegrafu kuvuka mabara. Kebo ya baharini ilifika Zanzibar mwaka 1879, na nyaya zilifuatana na reli ya Uganda kutoka Mombasa hadi Kisumu, ambako reli ilifika mwishoni mwa 1901. Almon Strowger, mzishi wa maiti wa Marekani, alipata hataza ya simu ya kujiunganisha yenyewe mwaka 1891, na mashine za ukoo wake, zenye maelfu ya sumaku na vidole vya chuma, ziliunganisha simu za dunia kwa karibu karne nzima. Mwaka 1936 Walter Ellwood wa Bell Labs alibuni swichi ya vyuma viwili vyembamba ndani ya kichupa cha kioo, vinavyogusana sumaku ikisogezwa karibu. Ndiyo inayojificha kwenye milango yenye kengele za usalama. Baadhi ya kompyuta za kwanza zilikuwa za rilei, kisha ikaja elektroniki na rilei zikaondoka kwenye simu na kompyuta.

Hazikuondoka kwenye mota, na hapa nina neno na mafundi wetu. Kontakta ikianza kuungua ncha au koili ikikatika, wapo wanaoamua kupiga direkti: wanaunganisha mota moja kwa moja kwenye stima, au wanakaza kijiti ili vidole visiachane. Mahindi yanasagwa siku hiyo, lakini kinga yote imeondolewa. Stima ikirudi ghafla mota inaamka yenyewe, na aliye karibu nayo ajitegemee. Bei ya kontakta mpya haiwezi kulinganishwa na vidole vya mtu. Kaunti ya Kisii ina vyuo, kikiwamo Kisii National Polytechnic kilichoanza kama Gusii Institute of Technology kwa nguvu ya harambee, na kazi ya umeme inafundishwa vizuri humo. Anayefunga kinu kijijini mara nyingi hajapita mlangoni mwake, na anayemlipa haulizi. Wenye vinu waanze kuuliza.

Mita za tokeni, zilizoanza kuenea Kenya kuanzia 2009, na mpango wa kufikisha stima vijijini uliozinduliwa mwaka 2015, vimeiweka rilei ya Henry kwenye kuta za watu ambao babu zao walitumia koroboi. Ya mita ni ya aina inayojishikilia: inahitaji mshtuko mmoja mfupi wa umeme ili ifunge au ifungue, kisha sumaku ya kudumu inaishika hapo ilipo bila kula stima ya mwenye nyumba. Baada ya kusasishwa, mita inaweza kuhesabu dakika zake kuanzia Januari 2014, na kwa hesabu ileile nafasi itajaa tena Novemba 2045.