Idi Amin wa kwenye filamu na Idi Amin wa mzee wa reli

Wasee, wiki hii tuko na filamu ya zamani tena, na safari hii ni ya hapa hapa kwetu: Rise and Fall of Idi Amin, ya 1981. Mara ya kwanza niliiona nikiwa darasa la sita, kwenye kibanda cha video hapa Oltepesi, jenereta ikinguruma nje, shilingi kumi mlangoni. Tulicheka mpaka machozi. Amin ana friji yenye vichwa vya watu, Amin anaonja nyama ya maiti! Wiki nzima tulikuwa tunaigizana shuleni.

Jumapili nikairudia kwa simu nje ya duka, na mzee mmoja, mstaafu wa reli, akavuta kiti akaangalia nami. Hakucheka hata mara moja.

Ngoja kwanza niwape historia. Amin aliangushwa Aprili 1979, jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni walipoingia Kampala. Hata mwaka haukuisha, Sharad Patel alikuwa ameshawasha kamera, na sehemu kubwa ya filamu ilipigwa huku Kenya. Makaburi bado mabichi, na Amin mwenyewe yuko hai. Alikuja kufa 2003, Saudi Arabia, bila kusimama mbele ya korti yoyote.

Aliyemwigiza ni Joseph Olita, mtu wa Siaya, na hapo sina mzaha, huyo jamaa alikuwa moto. Mwili, macho, kile kicheko kinachokatika ghafla. Forest Whitaker alipata Oscar kwa Amin wake wa 2006, sawa, lakini mimi Amin wangu ni Olita. Alimwigiza tena kwenye Mississippi Masala, 1991. Akafariki 2014, na wengi wa rika langu hata jina lake hatulijui.

Halafu kuna Denis Hills. Huyu alikuwa mwalimu Mwingereza aliyeandika kwamba Amin ni dikteta wa kijijini, akahukumiwa kifo 1975, mpaka James Callaghan, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, akapanda ndege kwenda kumchukua. Kwenye filamu, Hills anaigizwa na Hills mwenyewe. Mtu anarudia hukumu yake ya kifo mbele ya kamera! Hapo ndipo nilipata baridi mgongoni, si kwenye friji.

Na hiyo friji ndiyo kesi yangu. Kwamba Amin alikula watu, hakuna aliyewahi kuthibitisha. Ilikuwa uvumi, filamu ikaupaka rangi, na sisi watoto wa kibanda tukaushika kama somo la historia. Yaliyotokea kweli hayahitaji friji. Watu walitiwa kwenye buti za magari na makachero wa State Research Bureau, wasionekane tena. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977, serikali ikasema ni ajali ya gari.

Sisi Wakenya pia tumo. Julai 1976 Waisraeli walipovamia Entebbe kuokoa mateka, ndege zao zilitua Nairobi kuongeza mafuta, na Amin akalipiza kisasi kwa Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda. Mzee wangu alikuwa mmoja wao, kibarua wa reli upande wa Tororo. Nikamuuliza kama ile ya kula watu waliisikia.

"Kijana wangu," akasema, "sisi hatukumkimbia mla watu. Tulimkimbia jirani aliyejua tunalala nyumba gani."

Kisha akaonyesha kidole kule Ngong. Mei 24, 1978, Bruce McKenzie, aliyekuwa waziri wa kilimo wa Kenya, alikuwa anarudi kutoka kumwona Amin. Bomu likalipuka ndani ya ndege yao juu ya milima ile, wote wakafa. Inasemekana lilifichwa ndani ya kichwa cha mnyama kilichokaushwa, zawadi. Hii milima naiona kila siku nikipanda matatu ya Kiserian, na hakuna aliyewahi kunisimulia.

Tulipofika mambo ya Entebbe mzee akaaga, akasema anaenda kufungia mbuzi. Saa tisa mchana. Mbuzi walikuwa bado malishoni.

Usiku nikaimalizia peke yangu, nikarudisha nyuma hadi ile ya friji. Vichwa vinaonekana wazi ni vya bandia.