Funafuti: Uwanja wa Ndege Uliokalia Mashamba

Wanajeshi wa Marekani waliposhuka Funafuti tarehe 2 Oktoba 1942, walihitaji kitu ambacho huko ndicho haba kuliko vyote: uwanda. Tuvalu nzima, enzi hizo ikiitwa Visiwa vya Ellice chini ya Waingereza, ina nchi kavu ya kilomita za mraba 26 tu. Fongafale, kisiwa kikubwa katika pete ya visiwa vya matumbawe vya Funafuti, kina urefu wa kilomita 12 hivi, ila kwingine ni chembamba kiasi kwamba ukirusha jiwe ukiwa pwani moja linaangukia maji ya pwani ya pili. Palipo papana kabisa hapafiki nusu kilomita. Hapo ndipo watu walipokuwa wakiishi, na hapo ndipo uwanja ulipojengwa.

Minazi ikakatwa, mashimo ya pulaka yakafukiwa. Pulaka ni zao la jamii ya magimbi. Kwenye kisiwa kisicho na mto wala udongo wa maana, hupandwa ndani ya shimo lililochimbwa hadi kuyafikia maji baridi yaliyo chini ya ardhi, kisha hurutubishwa kwa majani mwaka baada ya mwaka. Shimo la namna hiyo ni urithi. Halichimbwi upya kwa msimu mmoja. Wenyeji walihamishiwa Funafala, kisiwa kingine cha pete hiyohiyo, wapishe ujenzi. Kifusi cha kujazia uwanja nacho kilichimbwa papo hapo kisiwani, yakabaki mashimo makubwa yaliyojaa maji ya bahari na, baadaye, taka.

Vita vyenyewe havikukaa sana. Mwezi Aprili 1943 ndege za B-24 zilitoka hapa kwenda kuipiga Nauru, iliyokuwa mikononi mwa Wajapani. Ndani ya mojawapo alikuwemo Louis Zamperini, mkimbiaji wa mita 5,000 katika Olimpiki ya Berlin ya 1936. Ndege yake ilirudi imetobolewa mamia ya matundu. Wajapani wakalipiza kwa mabomu. Mamia ya wanakijiji walikuwa wamekimbilia kanisani, wakiamini kuta zake nene, lakini koplo mmoja wa Kimarekani, B. F. Ladd, akawasihi watoke waingie mahandakini. Haukupita muda, bomu likaliangukia kanisa.

Wanajeshi wakaondoka, uwanja ukabaki, na tangu uhuru wa tarehe 1 Oktoba 1978 ndio lango la angani la taifa. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 1,524, nayo ilitiwa lami upya miaka ya 2010 kwa fedha za Benki ya Dunia. Jengo la abiria ni dogo, jirani na ofisi za serikali hapo Vaiaku. Ndege huja mara chache kwa wiki, hasa kutoka Suva, Fiji. Ikikaribia, king'ora hulia, na gari la zimamoto hutoka kuhakikisha njia haina watu wala mbwa.

Maana watu wapo kila jioni. Jua likipoa hucheza mpira, voliboli na raga juu ya lami, na usiku wa joto wengine hutandika mikeka wakalala palepale penye upepo. Wageni hupenda kuyapiga picha haya kama kioja. Mimi sioni kioja. Hakuna uwanda mwingine, na huu ulikuwa mashamba yao.

Yale mashimo ya kifusi yalikaa wazi zaidi ya miaka 70, familia zisizo na ardhi zikijenga vibanda kandokando yake, hadi 2015 yalipofukiwa kwa mchanga kutoka ndani ya pete, kwa msaada wa New Zealand. Bahari lakini haingoji ukingoni: kwenye bamvua kubwa za mwanzoni mwa mwaka, maji ya chumvi huchimbuka kutoka ardhini karibu kabisa na uwanja, kwa kuwa matumbawe ni matundu matupu.

Mwaka 2023 Tuvalu na Australia zilitia saini mkataba unaowaruhusu hadi Watuvalu 280 kwa mwaka kwenda kuishi Australia. Lakini njia ya kurukia iliyo fupi kiasi hiki haifai kwa ndege kubwa za masafa marefu. Kwa hiyo wanaoondoka kwa mkataba huo hupanda ndege ya rafadha hadi Fiji kwanza, mizigo yao ikiwa imepimwa kwa uangalifu, ndipo waendelee.