Futingi baada ya miaka 40: kuumia, kupona na kurudi barabarani bila haraka

Jumamosi asubuhi, kabla pikipiki hazijajaa barabarani, Goma na Bukavu zinaamka na makundi ya watu wa futingi. Vijana wako mbele na nyimbo zao. Nyuma yao kuna baba na mama wa miaka 40, 45, 50 na zaidi: mwalimu, muuza duka, dereva, muuguzi. Wengine munganga aliwaambia kwamba tansio imepanda. Wengine ni suruali ndiyo ilianza kubana.

Miezi ikipita, kundi la nyuma linapungua. Mmoja goti, mwingine kisigino. Anapumzika wiki mbili, anasikia nafuu, anarudi na kilomita zilezile za zamani, anaumia tena. Hapo ndipo anasikia jirani akimwambia: "Mzee, sport ni ya vijana." Anaacha, na ile tansio iliyomtoa nyumbani inabaki palepale.

Mara nyingi mguu huo ungepona. Kilichokosekana ni muda, na kujua namna ya kuutumia.

Mwili umebadilika wapi

Kuanzia miaka ya 30 misuli huanza kupungua polepole kwa mtu asiyeifanyisha kazi. Kano, zile kamba ngumu zinazofunga msuli na mfupa na ambazo wengi wanaziita mishipa, hupoteza sehemu ya mnyumbuko wake. Tena kano hupata damu kidogo kuliko msuli, kwa hiyo hupona polepole. Kwa akina mama, kukoma kwa hedhi huongeza kupungua kwa nguvu ya mifupa.

Shida ni kwamba moyo na pumzi hurudi haraka kuliko kano. Baada ya wiki chache za futingi mtu anajisikia mwepesi na anaongeza mwendo, wakati kisigino bado hakijawa tayari. Majeraha mengi ya wakimbiaji huja hivyo: mzigo unaongezeka kuliko mwili unavyoweza kuzoea.

Na udongo wetu una mchango wake. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano; lava ya Nyiragongo iliyoshuka tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Nje ya lami, mguu unakanyaga mawe makali yasiyolingana, na kifundo kinageuka kwa urahisi. Bukavu ni milima: kupanda kunachosha misuli ya nyuma ya mguu na kano ya kisigino, kushuka kunabebesha goti. Anayerudi baada ya kuumia goti afadhali ashuke mteremko akitembea.

Je, futingi inamaliza magoti?

Hofu hii ni kubwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2017 ulilinganisha makundi matatu. Kati ya watu 100 wanaokimbia kwa ajili ya afya tu, 3 au 4 walikuwa na ugonjwa wa kulika kwa goti au nyonga. Kati ya wasiokimbia walikuwa 10, na kati ya wanaokimbia mashindano makubwa 13. Hesabu hii haisemi kwamba mbio ni dawa ya magoti, maana mwenye goti bovu huenda hakuanza kukimbia kabisa. Lakini inaonyesha kwamba futingi ya kiasi, yenyewe, haiharibu goti lenye afya.

Maumivu yanayojitokeza zaidi

*Mbele ya goti.* Yanasikika wakati wa kushuka ngazi au kuinuka baada ya kukaa muda mrefu. Mara nyingi misuli ya paja na ya makalio ni dhaifu. Kukaa na kuinuka kwenye kiti polepole, mara 10 hadi 15, husaidia.

*Chini ya kisigino.* Hatua ya kwanza asubuhi inachoma kama msumari, kisha maumivu yanapungua. Kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu, kuviringisha chupa ya maji baridi chini ya unyayo na kuacha kutembea peku kwenye sima husaidia, lakini inaweza kuchukua miezi.

*Muundi.* Maumivu yakienea sehemu ndefu ya mfupa, kupunguza mbio kwa kawaida kunatosha. Yakiwa mahali pamoja tu, padogo kama ncha ya kidole, na yanauma hata usiku, mfupa unaweza kuwa umeanza kupasuka. Hapo ni kuacha kukimbia na kwenda hospitali.

*Kano ya nyuma ya kisigino.* Asubuhi imekakamaa, na ukiibana kwa vidole inauma. Hii ndiyo inayowasumbua sana watu wa umri wa kati.

Zoezi la ngazi

Mwaka 1998 munganga wa Sweden, Håkan Alfredson, na wenzake walitoa matokeo ya wakimbiaji 15 wa kawaida, wastani wa umri miaka 44, waliokuwa na maumivu ya muda mrefu ya kano ya kisigino. Hawakuambiwa walale. Walipewa zoezi la kubebesha kano mzigo, na baada ya wiki 12 wote walikuwa wamerudi kukimbia.

Zoezi lenyewe halihitaji mashine. Mtu anasimama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, akishika ukuta. Anainuka kwa mguu mzima, anahamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha anashusha kisigino polepole hadi chini ya ukingo. Mara 15, kwa awamu 3, goti likiwa limenyooka. Kisha awamu 3 nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika. Yakiisha kabisa, anaongeza uzito, kwa mfano mfuko wa mgongoni wenye vitabu.

Kama maumivu yako chini kabisa, pale kano inapoingia kwenye mfupa, kisigino kisishuke chini ya ukingo; zoezi lifanyike sakafuni. Munganga wa viungo, yule tunayemwita kine, anaweza kuonyesha tofauti.

Sindano, dawa na kukandwa

"Acha nipige sindano moja, kesho niko barabarani." Maneno haya yanasikika sana mbele ya farmasi. Diklofenaki na dawa za aina yake hutuliza maumivu, lakini hazijengi kano. Zinaweza kuumiza tumbo na figo, na zinaweza kupandisha tansio, hasa kwa mtu ambaye tayari anameza dawa za tansio. Anayekimbia ili kushusha tansio, kisha anameza diklofenaki kila Jumamosi, anavuta kamba pande mbili.

Dawa nyingine inayosahauliwa ni siprofloksasini, ambayo wengi hupewa kwa tifoidi au maambukizi ya mkojo. Inajulikana kwamba inaweza kudhuru kano, hasa ya kisigino, hata kuikata, na hatari ni kubwa zaidi kwa waliopita miaka 60 na kwa wanaotumia dawa kama prednisoloni. Aliyepewa dawa hiyo aache mbio kwanza, na akisikia kisigino kinauma arudi kwa munganga haraka.

Kifundo kikiteguka, kukikanda kwa nguvu na maji ya moto siku ileile huongeza uvimbe. Siku za kwanza ni kitambaa cha maji baridi, bandeji isiyobana sana, na kuweka mguu juu.

Kurudi hatua kwa hatua

Kipimo cha kwanza ni kutembea dakika 30 kwa haraka bila maumivu, wakati huo na siku inayofuata. Kisha mtu anaanza: dakika 1 kukimbia, dakika 2 kutembea, mara 8 hadi 10, siku tatu kwa wiki, na siku ya mapumziko katikati. Kila wiki anaongeza kidogo dakika za kukimbia. Aongeze jambo moja kwa wakati: muda kwanza, mlima baadaye, kasi mwisho.

Asubuhi ya pili ndiyo inatoa jibu. Mguu ukiamka kama jana, mzigo ulikuwa sawa. Ukiamka na maumivu zaidi, mzigo ulizidi, na mtu anarudi hatua moja nyuma.

Viatu vya mtumba si vibaya. Kabla ya kulipa, vikunjwe: kama soli imekufa au kisigino kimelika upande mmoja, viachwe.

Kuchunga moyo wa kuendelea

Miezi mitatu ya kupona ni mirefu, na kinachovunja moyo zaidi ni kuona kundi likipita bila wewe. Makundi yanaweza kusaidia: aliyeumia asiondolewe, apewe kazi ya kuhesabu muda au kutembea na wanaoanza. Siku tatu nyingine za wiki apige zoezi la ngazi nyumbani.

Daftari nalo linasaidia. Badala ya kuandika kilomita tu, mtu aandike maumivu ya asubuhi kutoka 0 hadi 10, na tansio kila anapopimwa. Mwezi ukiisha anaona maendeleo ambayo jicho haliyaoni.

Tena, kutembea ni mazoezi kamili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku 2. Kutembea kwa haraka kwenda sokoni au kazini kunahesabiwa. Kwa hiyo anayesubiri kisigino kipone bado anaweza kuilinda tansio yake, wiki kwa wiki.

Wakati wa kwenda hospitali bila kungoja

- Kifua kikibana, pumzi ikikatika kuliko kawaida, au kizunguzungu wakati wa mbio: kusimama mara moja na kutafuta msaada.
- Mlio kama mtu amekupiga teke nyuma ya kisigino, kisha huwezi kuinuka kwa ncha za vidole: kano inaweza kuwa imekatika.
- Baada ya kuteguka, kushindwa kupiga hatua 4: inahitajika picha ya radio.
- Nyuma ya mguu mmoja kuvimba, kuwa moto na kuuma bila kuumia: inaweza kuwa damu iliyoganda.

Mwenye tansio, sukari au ugonjwa wa moyo apimwe kabla ya kuanza. Baada ya hapo, barabara ni yake kama ilivyo ya vijana. Tofauti ni kwamba yeye anaongeza polepole.